Duka Lililotaka Kuwa Hospitali

Mtoto wa binamu yangu alianza kulalamikia koo Ijumaa usiku. Kufikia Jumamosi asubuhi hata mate yalikuwa hayapiti. Nje theluji ilikuwa imefika magotini, nami, mgeni wa wiki mbili katika jimbo la Minnesota, nikaanza kujiandaa kwenda hospitali kama nilivyolelewa kwenda: chupa ya maji, kitenge cha kumfunika mtoto, hela ya akiba mfuko wa ndani, na subira ya kutwa nzima. Binamu yangu, ambaye ni muuguzi katika nyumba ya wazee, alinitazama akacheka.

"Kaka, weka hicho kitenge. Tunaenda supamaketi."

Nilidhani ni utani wetu wa siku zote. Lakini tulipoingia dukani, tukapita maua, tukapita mikate, tukafika karibu na dirisha la dawa, na pale palikuwa na mlango mwembamba, viti vitatu na skrini iliyosimama kwenye mguu wa chuma. Ukutani kulikuwa na orodha ya bei, imepangwa kama ubao wa chipsi kuku: koo bei yake, sikio bei yake, chanjo ya mafua bei yake. Binamu aliandika jina la mtoto kwenye skrini, akachagua koo. Skrini ikajibu kwamba zamu yetu ingefika baada ya dakika 25.

Tukaenda kununua mayai.

Tuliporudi tulikuta muuguzi amesimama mlangoni anatuita kwa jina. Aliuliza maswali akifuata kompyuta, moja baada ya jingine, hakuruka hata moja. Akamwambia mtoto apanue kinywa, akampitishia nyuma ya koo kijiti chenye pamba, mtoto akakaukiwa na kilio katikati. Kile kijiti akakichovya kwenye kichupa, akaweka saa. Dakika chache baadaye ukatokea mstari wa pili. Ni bakteria, akasema, na kabla hatujavaa makoti vizuri cheti cha dawa kilikuwa kimeshafika kwenye kompyuta ya mfamasia, hatua kumi na mbili kutoka pale. Nilizihesabu.

Risiti ya siku ile niliiweka ndani ya daftari na sasa imefifia. Inasomeka: mayai, maziwa, sharubati, aiskrimu ya kulainisha koo, tishu, pipi za kikohozi, glavu za mtoto kwa sababu zile nyingine zilipotea, na vikorokoro vingine. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Vitu tulivyotoka navyo vilikuwa 14. Mwenye duka hakuhitaji kupata faida kubwa kwenye koo.

Chanzo cha biashara hii kinafahamika, na kiko katika jimbo lilelile. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkazi mmoja wa huko, Rick Krieger, alimpeleka mwanawe kupimwa koo siku ya mapumziko. Walisubiri kama saa mbili kwa kipimo cha dakika chache. Hesabu hiyo ilimkaa moyoni. Mwaka 2000 yeye na wenzake, daktari akiwamo, wakafungua vibanda vya tiba ndani ya maduka ya vyakula ya Cub Foods katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, wakaviita QuickMedx. Bei ilikuwa dola 35, taslimu. Bima hawakuitaka. Maradhi waliyoyapokea ulikuwa unaweza kuyahesabu kwa vidole: koo, masikio, sinasi, maambukizi ya njia ya mkojo na machache mengine ya aina hiyo. Miaka miwili baadaye jina likawa MinuteClinic, yaani kliniki ya dakika, na kaulimbiu yao ilikuwa fupi kama ya wapiga debe: wewe mgonjwa, sisi wepesi.

Wanaosimulia habari hii hupenda kukaa kwenye dakika na dola. Mimi kilichonivuta zaidi ni yale ambayo hayakuwamo kwenye ubao. Maumivu ya kifua hayakuwamo. Mtoto mchanga mwenye homa hakuwamo. Mgonjwa wa namna hiyo akitokea mlangoni, kazi ya muuguzi ni kumwelekeza anakostahili kwenda, na pesa yake kuiacha iende naye. Kliniki ile iliwezekana kwa sababu ilijua kukataa. Walichagua maradhi yenye kipimo kinachojibu ndiyo au siyo, yenye dawa inayojulikana, yanayokwisha bila mgonjwa kurudi mara ya pili. Programu ya kompyuta ilimshika muuguzi mkono hatua kwa hatua, na jibu likitoka nje ya mstari, mgonjwa anatoka nje ya mlango.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu hilo koo si dogo kama linavyoonekana. Makoo mengi yanayouma yanatokana na virusi, na antibiotiki haiyasaidii kitu. Kati ya watoto 100 wenye koo linalouma, walio na yule bakteria anayeitwa streptokokasi wa kundi A ni kama 20 hadi 30. Kwa kuwatazama tu huwezi kujua nani ni nani kwa uhakika. Ndiyo maana ya kijiti. Na huyo bakteria akiachwa, kwa baadhi ya watoto mwili unaojipigania huanza kuushambulia moyo wenyewe. Ndiyo homa ya baridi yabisi, inayotafuna valvu kimyakimya kwa miaka. Penisilini ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, inazuia. Marekani ugonjwa huu sasa ni wa nadra sana, hata madaktari vijana wanausoma zaidi kwenye vitabu kuliko kuuona vitandani. Kwetu Tanzania bado tunao. Katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, wanafunguliwa kifua watu ambao valvu zao ziliharibika tangu utotoni, na wengi hawakumbuki kabisa kwamba waliwahi kuumwa koo. Kijiti cha pamba kule kimekuwa bidhaa ya Jumamosi asubuhi, kati ya mayai na maziwa. Huku hakimo hata kwenye zahanati nyingi, achilia mbali dukani.

Anayekishika kile kijiti si daktari. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kupima, kutambua ugonjwa na kutibu, shabaha ikiwa watoto wa vijijini na familia zisizofikiwa na madaktari. Muuguzi wa namna hiyo tumwite muuguzi mtabibu, maana sisi tunaye nduguye wa karibu: tabibu, yule anayeongoza vituo vingi vya afya vijijini na ambaye kijiji kizima kinamwita daktari bila kumuuliza cheti. Ford alifariki Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 104, na alipoaga dunia kada aliyoianzisha ilikuwa imeenea Marekani nzima. Bila kada hiyo kliniki ya dukani isingekuwapo, kwa sababu mshahara wa daktari usingebebwa na dola 35.

Madaktari hawakunyamaza. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilizipinga waziwazi kliniki hizi. Mwaka uliofuata chama kikuu cha madaktari kikataka mamlaka zichunguze mgongano wa masilahi: iweje anayekuandikia dawa na anayekuuzia dawa wawe chini ya paa moja na mfuko mmoja? Swali zuri. Tena walikuwa na hoja nyingine nzito zaidi, ingawa haikupata vichwa vya habari. Mtoto anayekwenda kwa daktari wake kwa ajili ya koo hapimwi koo tu. Anapandishwa mizani, kadi yake ya chanjo inafunguliwa, mama anaulizwa habari za nyumbani. Daktari wa siku zote humwona mtoto hata pale asipoletwa kwa ajili hiyo. Muuguzi wa dukani, hata awe mwema vipi, anakutana na koo lililopita njia.

Tatizo la hoja hiyo ni kwamba huyo daktari wa siku zote, kwa wateja wengi wa dukani, hakuwapo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ni asilimia 39 tu ya waliokwenda kwenye kliniki hizo waliokuwa na daktari wao wa kawaida, ilhali kwa Wamarekani kwa jumla ilikuwa kama asilimia 80. Madaktari walikuwa wanalinda ndoa ambayo bibi harusi hajawahi kuiona. Uchambuzi mwingine, wa miaka ya 2007 hadi 2009, ulikuta kwamba asilimia 44 ya ziara zilifanyika wikiendi au saa ambazo ofisi za madaktari zimefungwa. Koo halitazami kalenda.

Na ubora? Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Ateev Mehrotra walilinganisha matibabu ya magonjwa matatu, la sikio, la koo na la mkojo, kwa kufuata bili tangu ziara ya kwanza. Dukani jumla ilikuwa dola 110. Ofisini kwa daktari dola 166. Kwenye kliniki za huduma ya haraka dola 156. Idara ya dharura ya hospitali, dola 570. Kwa ubora wa tiba, duka halikuwa nyuma ya daktari. Takwimu hizo zilisambaa kama moto wa nyika, na kila mwenye duka alizinukuu.

Miaka saba baadaye, timu yenye Mehrotra huyohuyo ndani yake ikaleta habari ya pili, na hii haikunukuliwa sana madukani. Walipochunguza wateja wa kampuni moja ya bima, walikuta kwamba asilimia 58 ya ziara za maradhi madogo hazikuchukua nafasi ya daktari wala ya hospitali. Zilikuwa ziara mpya kabisa, za watu ambao kama si ule mlango wangebaki nyumbani. Gharama ya jumla, badala ya kushuka, ilipanda kwa dola 14 kwa mtu kwa mwaka. Kitu kikiwa rahisi na kiko njiani, watu hukitumia zaidi. Hilo hata muuza vitumbua wa stendi analijua.

Wahasibu waliuita huo upotevu. Mimi nasita. Kati ya wale asilimia 58 wamo waliokuwa na mafua tu na wangepona kwa chai ya tangawizi, sawa. Lakini wamo pia waliokuwa wanakaa na maumivu ya mkojo wiki nzima kwa sababu hawawezi kuomba ruhusa kazini. Takwimu inawaweka kwenye kapu moja. Linaloniudhi zaidi ni jingine: vilipochorwa kwenye ramani, vibanda hivi vilionekana kujazana kwenye mitaa yenye kipato kizuri na kupungua kwenye mitaa ya maskini na ya Wamarekani weusi. Kliniki ilifuata duka, na duka lilifuata mifuko iliyojaa. Loretta Ford alianza na watoto wa vijijini; kada yake ikaishia kwenye maegesho ya magari ya watu wenye nafasi.

Wakubwa walipoona kibanda kinavuta watu, wakakimbilia. Duka kubwa la Target, lenye makao yake Minneapolis, lilifungua kliniki zake mwaka 2006. Mwaka huohuo mtandao wa maduka ya dawa wa CVS uliinunua MinuteClinic, ikiwa na vibanda zaidi ya 80. Mwaka 2007 mshindani wake Walgreens naye akanunua kampuni ya kliniki. Hapa kuna kichekesho ambacho sijawahi kukisahau. Maduka hayo ya dawa yaliuza pia sigara, zimepangwa nyuma ya keshia kwa heshima zote. Kwa miaka minane mtu aliweza kwenda CVS kutibiwa kikohozi na kutoka na pakiti ya sigara kwenye mfuko uleule wa dawa. Mwaka 2014 kampuni ikaamua kuacha kuuza tumbaku, ikakubali kupoteza mauzo ya takriban dola bilioni 2 kwa mwaka. Wapo waliosema ni matangazo tu. Inawezekana, lakini ni wachache wanaolipia tangazo bei hiyo.

Kama mambo yangeishia hapo, ningeandika makala ya kusifu. Hayakuishia hapo. Waliofanikiwa na koo wakauangalia mlango wa pili, ule wenye pesa nyingi: kisukari, presha, moyo, figo. Huko ndiko Marekani inakomwaga mabilioni kila mwaka. Mwaka 2019 CVS ilianza kugeuza baadhi ya maduka yake kuwa vituo vikubwa vya afya, rafu zikapungua na vyumba vikaongezeka. Septemba mwaka huohuo Walmart, muuzaji rejareja mkubwa kuliko wote duniani, alifungua kituo cha kwanza cha Walmart Health katika mji wa Dallas. Si ile Dallas ya Texas, ni mji mdogo wa Georgia. Humo mlikuwa na daktari, maabara, eksirei, daktari wa meno, vipimo vya macho, hata ushauri wa afya ya akili. Bei zilitangazwa waziwazi, jambo ambalo hospitali za Marekani hulifanya kwa kulazimishwa. Mwaka 2021 Walgreens ikatia dola bilioni 5.2 katika kampuni ya VillageMD ili kuweka ofisi za madaktari kamili ubavuni mwa maduka yake. Katikati ya hayo ikaja korona, na mamilioni ya Wamarekani wakachomwa chanjo kwenye maduka ya dawa. Wenye maduka wakaona hata Mungu yuko upande wao.

Halafu mambo yakageuka. Tarehe 30 Aprili 2024 Walmart ilitangaza kwamba inafunga vituo vyake vyote 51 katika majimbo matano, pamoja na huduma yake ya daktari kwa simu na video. Sababu waliyoitoa ilikuwa kavu kama tangazo la msiba: malipo ya bima hayatoshi na gharama za uendeshaji zinapanda. Mwaka huohuo Walgreens ilifuta vitabuni thamani ya karibu dola bilioni 5.8 kwa ajili ya VillageMD, kiasi kinachozidi hata pesa ile ya 2021, na ofisi kama 160 zikafungwa au zikawekwa kwenye orodha ya kufungwa. Mwaka 2025 Walgreens nzima ikauzwa kwa kampuni ya uwekezaji ikatoka kwenye soko la hisa. CVS nayo ilifunga kliniki 25 eneo la Los Angeles, ingawa mamia ya vibanda vyake vya kawaida, vile vya koo na sikio, bado viko wazi.

Muuza samaki angewaeleza tatizo bila kufungua kompyuta. Koo linakuja, linalipa, linaondoka, na likipita linanunua aiskrimu. Kisukari hakiji hivyo. Kinakuja na mtu mzima mwenye dawa nne, mguu unaowaka moto usiku, mke anayebishana naye kuhusu ugali, na hofu asiyoitaja mpaka ziara ya tatu. Huyo anataka sura ileile kila mara. Anataka mtu wa kumpigia akikosa kuja. Wauguzi wanaohama kila baada ya miezi michache kufuata mshahara hawawezi kuwa sura hiyo. Juu ya yote, huyu halipi taslimu. Analipa bima, na bima inalipa ikijisikia, baada ya fomu kurudishwa mara mbili, kwa kiwango ilichokipanga yenyewe. Wale waanzilishi wa mwaka 2000 walioikataa bima hawakuwa wajinga. Waliokuja baada yao walifuta mipaka iliyokuwa inaulinda ubao, halafu wakashangaa ubao umeanguka.

Nimekuwa nikifikiria mambo haya huku nikiwa na duka jingine kichwani, dogo zaidi, lisilo na skrini. Sisi wa huku tulizaliwa na tiba ya dukani. Nairobi utamsikia mtu akisema anapitia kemisti. Tanzania tunasema duka la dawa, na aliyeko nyuma ya kaunta, awe amesomea nini, jina lake ni dokta. "Dokta, nipe dawa ya kichwa." "Dokta, huyu anaharisha tangu jana." Hakuna aliyetuletea wazo hilo kutoka Minnesota. Hospitali iko mbali, foleni ni ndefu, na duka liko hapo, taa inawaka mpaka usiku.

Kwa miaka mingi maduka hayo yaliitwa maduka ya dawa baridi, na kwa sheria yaliruhusiwa kuuza dawa ambazo hazihitaji cheti. Kwa sheria. Chini ya kaunta kila kitu kilikuwapo, antibiotiki zikiwamo. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwa kushirikiana na shirika la Management Sciences for Health, ilianza jaribio ambalo kwa maoni yangu halijasifiwa inavyostahili. Badala ya kupiga marufuku tena jambo lililokwisha kupigwa marufuku, waliliweka juu ya kaunta. Muuzaji akapewa mafunzo ya wiki kadhaa, duka likakaguliwa, likapewa jina jipya, Duka la Dawa Muhimu, na orodha fupi ya dawa za cheti anazoweza kuuza kihalali, pamoja na baadhi ya antibiotiki. Kilichobaki, hapana. Kuchoma sindano, hapana. Mpango ukaenea mikoa mingine ya Bara, na leo maduka hayo ni maelfu, chini ya usimamizi wa Baraza la Famasi.

Utaona kwamba ni ubao uleule wa Minnesota kwa lugha nyingine: orodha fupi, na ujasiri wa kukataa. Tofauti ni mbili, na zote zinauma. Ya kwanza, muuzaji wetu hana kijiti. Anauza antibiotiki kwa kukadiria. Ya pili, anaishi kwa mauzo. Yule mgongano wa masilahi ambao madaktari wa Marekani walitaka uchunguzwe, kwetu unakaa kwenye kiti cha plastiki kila siku. Mteja ana shilingi elfu moja na anataka vidonge vinne vya rangi mbili, si dozi nzima. Ukimfukuza, duka la jirani litampa. Ukimpa, umemfundisha bakteria kuizoea dawa. Nimewauliza wauzaji kadhaa wanafanyaje. Wengi walitabasamu, wakaanza kupanga maboksi yaliyokwisha kupangwa.

Mara ya mwisho nilipokuwa Songea, mkoani Ruvuma kulekule, nilikaa jioni moja kwenye duka la namna hiyo pembeni ya stendi, nikinywa maji na kumsumbua mwenye duka kwa maswali. Ni mama mtu mzima, miwani ameifunga kamba shingoni. Akaingia binti mwenye mtoto wa mwaka na nusu mgongoni, amemfunga kwa khanga.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mwanangu. Ana nini?"

"Anakohoa. Nipe rangi mbili nimfungulie kwenye maji. Nina elfu mbili."

Mama alivaa miwani. Hakugeukia rafu. Alimwambia binti amshushe mtoto, amfunue kifua, akaweka simu juu ya kaunta, ile sehemu ya saa, akaanza kuhesabu midomo ikicheza. Duka lilinyamaza. Mtoto wa umri ule akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika, hiyo ni hatari. Huyu alifika 58, na kila akivuta, sehemu ya chini ya mbavu ilikuwa inaingia ndani. Mama alinionyesha kwa kidole bila kusema.

"Hapa sina dawa ya huyu," akamwambia binti. Dawa ilikuwa nyuma yake, rafu ya pili.

"Dokta, basi nipe hata nne."

"Mwanangu, nisikilize. Huyu anaenda hospitali ya mkoa, sasa hivi, si kesho."

Akachana ubavu wa boksi la dawa tupu, akaandika kwa kalamu ya bluu umri, ile 58 na saa, akapiga mstari chini. Akatoka mlangoni akamwita kijana wa bodaboda kwa jina, akamwambia asipite popote, na hela yake aje kuchukua kwake akirudi. Binti akamfunga mtoto upya, elfu mbili bado iko mkononi. Pikipiki ikaondoka.

Mama alirudi nyuma ya kaunta, akavua miwani. Aliyefuata kwenye foleni alitaka Panadol mbili. Shilingi mia mbili. Ndiyo yaliyokuwa mauzo yake ya nusu saa ile, na bado alikuwa anadaiwa bodaboda.